Daimu Hakujitoa

Aliyesema ni Aurelia mwenyewe, kwa mdomo wake, tena kwa majivuno. Hakutegwa na mtu. Mgeni aliuliza swali la kawaida kabisa, la mtu anayetaka kujua mali ikifika italala wapi, na Aurelia akajibu kama mwanamke anayeonyesha kitenge kipya.

Mgeni alikuwa Pamela Komba, binti mdogo tu, aliyetumwa na mfuko mmoja wa wafadhili uliofungua ofisi mjini Songea mwaka ule wa tisini na nne. Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa, isipokuwa kubaki pale ulipo. Ushirika ulikuwa hoi, viwanda vinatafutiwa wanunuzi, na kila aliyeachishwa kazi aliambiwa aunde kikundi. Ukiwa peke yako wewe ni mtu mwenye shida. Mkiwa kumi na katibu, ninyi ni mradi.

Karakana ya Msamala haikuzaliwa kwa ajili ya mfadhili yeyote. Ilikuwa ndani ya ghala la zamani la mbolea, kuta zake zikitoa chumvi nyeupe kila masika. Mzee Osmund Mapunda, fundi chuma, aliingiza fuawe yake humo siku ghala lilipoachwa wazi, na wengine wakamfuata na walichokuwa nacho: huyu jiliwa la kubania chuma, yule mashine ya kuchomelea, mwingine mita ya kupimia umeme. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyelipa. Ukitaka kuingia, ulileta kitu kilichokufa, redio, baiskeli, bomba la kunyunyizia dawa tumbaku, ukakifufua mbele ya wenzio kwa mikono yako. Kuuliza ruksa. Kumpa mwingine akufanyie, hapana. Aurelia Haule aliingia na cherehani iliyookolewa kwenye nyumba iliyoungua, na ilimchukua masika nzima kuifanya ishone. Jumamosi moja kila mwezi kazi zote zilikuwa za karakana yenyewe, na kilichopatikana siku hiyo kilinunua risasi ya kulehemu, mafuta, na bati la kuziba paa. Ndivyo walivyoishi.

Pamela alizunguka na karatasi zake, akauliza hiki na kile, akasifu. Kisha akauliza, "Na ufunguo wa hapa anashika nani?"

"Daimu," akasema Aurelia.

"Ndiye mlinzi?"

"Hapana, mwanangu. Ndiye mwizi wetu."

Karakana nzima iliangua kicheko. Daimu alikuwa kwenye kona yake, anasuka waya za mota ya mashine ya kusaga. Akaushika ufunguo uliokuwa ukining'inia kiunoni kwa kamba ya katani, akauchezesha hewani.

"Mwizi mwenyewe ndiye huyu," akasema. "Shika mkoba wako, dada."

Pamela naye alicheka. Na Aurelia, kwa sababu mgeni alicheka, akamwaga yote. Kwamba mwaka ruzuku ya mbolea ilipoanza kukatwa, mfuko mmoja ukapanda mpaka bei ya mbuzi, Daimu alifungua jiliwa kubwa la karakana, akalifunga kwenye baiskeli, akaliuza, akanunua mbolea. Kwamba walimshuku kila mpita njia. Kwamba baada ya mavuno alisimama mlangoni akasema, "Ni mimi," na wakati huo hakuna aliyekuwa akimwuliza. Na Mzee Osmund akasema, mpeni ufunguo, maana ndiye pekee anayejua mtu anavyotoka hapa na jiliwa zito kama ndama bila mbwa kubweka. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba. Aliyechukua akasema, ndiye aliyeshika ufunguo, afungue asubuhi wa kwanza, afunge jioni wa mwisho, masika na kiangazi, mpaka atokee mwingine wa kumpokea.

"Na tangu ashike yeye," Aurelia akamalizia, "hakijapotea hata kipande cha msumari."

Pamela aliandika. Kalamu yake ilikimbia, na Aurelia aliiangalia inavyokimbia akaona fahari. Hatimaye kuna mtu anaandika namna watu wa hapa wanavyojua kuishi.

*

Kilichoahidiwa kilikuwa mashine ya kukereza chuma, na jenereta la kuiendesha umeme ukikatika. Mtu asiyefanya kazi ya mikono hawezi kujua mashine ile ilimaanisha nini. Shafti ya cherehani ikivunjika, Aurelia aliagiza Dar es Salaam, akangoja, na fundi nguo naye akangoja, na watoto wa fundi nguo wakangoja. Mzee Osmund alikuwa akichonga bushi, zile pete za kushikia shafti, kwa tupa, na mikono yake ilikwisha kuanza kutetemeka. Kwa mashine ile bushi ni kazi ya kusimama tu. Aurelia alikuwa akiiota. Alikuwa ameshachagua mahali pake, chini ya dirisha.

Siku Mwalimu Raphael aliporudi kutoka ofisi ya mfuko, walijua kabla hajafungua mdomo kwamba kuna jambo. Raphael ndiye aliyekuwa katibu. Aliacha kufundisha mishahara ilipoanza kuchelewa, akaja karakana na redio iliyokufa, na hakuna aliyefanya kazi kuliko yeye kuutafuta msaada huu. Alikaa kwenye boksi akafuta miwani.

"Tumekubaliwa," akasema. "Mashine na jenereta. Kuna masharti mawili tu. La kwanza, kila mwanachama awe na kadi na alipe kiingilio. Hilo tutalimudu." Akafuta miwani tena, ingawa ilikuwa safi. "La pili, asiwepo mwanachama aliyewahi kuiba mali ya kikundi."

Jina halikutajwa. Daimu siku hiyo alikuwa shambani kwake Matogoro. Karakana ilikuwa wazi kwa sababu alikuja alfajiri akafungua, ndipo akaenda kulima.

Aurelia alihisi masikio yanawaka. "Wewe hukuwaeleza kwamba ndiyo desturi yetu?"

"Niliwaeleza. Yule Pamela mwenyewe alinisaidia kueleza. Lakini karatasi zimeshapanda juu, dada. Huko juu wanasoma neno moja tu, wizi."

"Tukatae."

"Tukatae mashine?" Fransisko, fundi wa baiskeli, alisema hivyo haraka mno, na watu wakamgeukia. Akainama kwenye gurudumu lake. Kila mtu mle alijua ni kwa nini amesema haraka. Kabla ya Daimu, mshika ufunguo alikuwa Fransisko. Yeye alichukua kopo la risasi ya kulehemu akaliuza, fedha akanywea ulanzi, akasema, akapewa ufunguo, na siku Daimu alipokiri kuiba jiliwa, Fransisko alimshukuru Mungu kwa sauti. Hadithi hiyo Aurelia hakuifikia siku ile mbele ya Pamela. Ilikuwa bahati tu. Angepewa chai ya pili angeifikia.

"Kuna njia ya amani," akasema Raphael. "Daimu ajitoe mwenyewe. Mistari miwili tu, kwamba anaacha kwa hiari yake, kwa shughuli za shamba. Tunabaki marafiki. Mota zikija, tutampa kazi kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyeaibika."

Kwa hiari yake. Aurelia aliijua ladha ya maneno hayo. Mwaka wa tisini na moja aliitwa uani pamoja na wenzake wa Ushirika, yeye karani wa stoo wa miaka yote, akawekewa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: naacha kazi kwa hiari yangu. Kalamu ilikuwa imefungwa kamba mezani wasije wakaondoka nayo. Walioiba Ushirika mpaka ukalala walikuwa wamekaa upande wa pili wa meza hiyo hiyo, na hakuna aliyefikiria kuwafunga wao kamba.

"Nani atamwambia?" akauliza.

Wote walimtazama yeye, na hapo ndipo alipojua ni nani.

*

Alimkuta Daimu anapandishia mahindi udongo. Mkewe, Mwanne, alikuwa kizingitini anamenya mihogo.

"Hodi hapa."

"Karibu, wifi," akasema Mwanne. "Umekuja na sura ya msibani."

Daimu alisimamisha jembe. "Nani kafa? Au mwalimu amelehemu kidole chake?"

Aurelia hakuweza kucheka. Alikaa kwenye kigoda akaeleza yote, mashine, kadi, sharti la pili. Alipofika kwenye kosa la mdomo wake mwenyewe hakulizunguka. "Mimi ndiye niliyesema, Daimu. Mbele ya yule binti."

"Nilikuwepo. Ulisema kweli, na mimi nikacheka. Tena nikachezesha ufunguo kama kengele yenu ya misa."

"Wanataka useme umejitoa. Kwa hiari yako."

Daimu alikaa chini, pale pale kwenye tuta. Alichukua muda kung'oa majani madogo yaliyokuwa karibu na mguu wake.

"Wewe kule Ushirika ulisaini?"

"Nilisaini."

"Ulikuwa na hiari?"

"Nilikuwa na watoto."

"Mimi pia ninao," akasema. "Lakini sikiliza, dada. Nilipoiba, nilikuja nikasema nimeiba. Sasa nafukuzwa, niseme nimeondoka? Mimi niliwaibia jiliwa. Uongo sijawaambia hata siku moja. Huo mnaoutaka utakuwa wa kwanza."

Mwanne alitupa ganda la muhogo mbali, kwa nguvu. "Na mota za watu utasukia wapi? Hapa uani, kuku wachezee waya? Saini, mwanaume. Wamesema watakupa kazi kwa mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma ndio nilioutokea na jiliwa," akasema Daimu. "Naujua. Siupiti tena."

"Haya, kula majivuno yako."

Daimu alimtazama Aurelia. "Waniondoe. Wakae, mimi nikiwa nimekaa palepale kwenye kona yangu, waninyooshee mikono. Wakinitoa, nitatoka, sitagomba. Ila asije mtu akasema Daimu alijitoa. Ukiulizwa popote, sema walinifukuza. Hilo tu ndilo nakuomba."

Aurelia alisema ndiyo. Njia nzima ya kurudi Msamala aliirudia ile ndiyo, na kila alipoirudia ilizidi uzito.

*

Karakana haikuwahi kupiga kura. Walikuwa wakibishana mpaka mmoja achoke au wote wacheke. Siku ile Raphael aliwapanga kwenye mabenchi kama darasani, akaeleza kwamba mfuko unataka uamuzi wa wengi, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Daimu alikuwa kwenye kona yake. Alikuwa ameshaweka ufunguo juu ya fuawe ya Mzee Osmund alipoingia, bila kuambiwa.

"Shikamoo, mzee," alikuwa amesema.

"Marahaba," alijibu Mzee Osmund, akitazama pengine.

Aurelia alisimama. "Mimi nauliza swali moja. Mzee, desturi hii ulituwekea wewe. Hii leo unasemaje?"

Watu wote walimgeukia mzee, na ilionekana wazi walikuwa wanamngoja awaokoe. Aseme hapana, wote waseme hapana, mashine iende kwa wengine huko, nao waendelee kulalamika kwa furaha. Mzee Osmund alitazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa ikicheza juu ya magoti.

"Binti Haule," akasema, "niliiweka desturi ile wakati hatukuwa na kitu cha kuibiwa."

"Jiliwa lilikuwa si kitu?"

"Jiliwa ni jiliwa! Mashine hii ni nyingine. Nimechonga bushi kwa tupa tangu ujana. Nataka nione chuma kinazunguka chenyewe, kinajimenya kama muhogo, mara moja tu kabla sijazikwa. Kama ni dhambi, padri yupo, nitaungama."

Alikuwa na haki ya kuitaka, na hicho ndicho kilichomuuma Aurelia zaidi. Angekuwa mlafi, angemtukana. Lakini hata yeye Aurelia, pale aliposimama, jicho lake lilikwenda chini ya dirisha, mahali alipokuwa ameshapachagua.

"Wanaokubali Daimu aondoke kwenye uanachama," akasema Raphael.

Mkono wa Mzee Osmund ulitangulia, ukitetemeka, na mtu angeweza kudhani ni mtetemo tu umeupandisha. Kisha mmoja, na mwingine. Walinyoosha huku wakitazama sakafu. Fransisko alikuwa hajanyoosha. Alimtazama Aurelia, na macho yake yalikuwa yanaomba kama ya mbwa aliye karibu na jungu. Kisha akanyoosha juu kabisa, kuliko wote, kama mtoto anayejua jibu.

Neno la lile kopo la risasi lilikuwa kwenye ulimi wa Aurelia. Angelisema, na Fransisko angekuwa wa pili kutolewa. Au labda angelisema, na wote wangeaibika, mikono ikashuka. Labda. Alimtazama Daimu. Daimu naye alikuwa anamtazama Fransisko, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayemwona mwenzake amejikojolea hadharani, akawa anatafuta kitu cha kumfunikia. Mdomo uliokwisha kumtoa mmoja ungemtoa na wa pili siku ile. Aurelia aliufunga. Hakujua kama ni huruma au ni woga, na mpaka leo hajui.

"Wanaokataa?"

Alinyoosha yeye, na kijana mmoja wa redio aliyenyoosha nusu akashusha.

"Imepita," akasema Raphael, na akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

Daimu alikusanya waya zake, koleo, na mbao zake za kusukia. "Haya, jamani," akasema. "Mota ya mashine ya kusaga ya Mbawala bado upande mmoja. Msiifunge, itaungua." Akatoka kwa mlango wa mbele.

*

Kesho yake asubuhi Aurelia alikuta mlango umefungwa na watu wamesimama nje. Ufunguo ulikuwa umelala ndani, juu ya fuawe, na mlango ulibamizwa na wa mwisho kutoka bila kufikiri, ukajifunga. Hakuna aliyezoea kufikiri habari za mlango. Walivunja kitasa wenyewe kwa tindo. Aurelia aliingia, akabeba cherehani aliyokuwa anaitengeneza, akapakia bisibisi zake kwenye aproni, akatoka.

Daimu alikuwa ameshatandika turubai kando ya barabara, ng'ambo kidogo tu, mbele ya kibanda cha muuza mafuta ya taa. Alikuwa na mota moja na stuli moja. Aurelia aliweka cherehani chini, akihema.

"Nimetoka," akasema. "Tukae wote hapa."

"Rudi."

"Sirudi kwa wale."

"Rudi, dada Aurelia. Ukitoka na wewe, mle ndani atabaki nani wa kujua? Mzee atakufa. Mwalimu ataeleza vizuri, yeye ni mwalimu. Fransisko ndiyo usiseme. Mwaka kesho itakuwa Daimu alikwenda kulima." Alichukua cherehani akampandishia mikononi. "Usinifanye mimi sababu ya wewe kupumzika. Rudi ukawasumbue."

Alisimama katikati ya barabara na chuma kile kifuani, malori ya mahindi yakimpigia honi, na kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze alimkasirikia Daimu. Kumfuata kungekuwa rahisi. Daimu alilijua hilo, akamnyima.

Alirudi.

Mashine ilikuja mvua zilipokata, juu ya lori, imefungwa maturubai kama maiti ya mtu mkubwa. Wote walikuwa wamevaa kadi zao kifuani. Pamela Komba alishuka na faili, akasalimia mmoja mmoja, akampa Mzee Osmund shikamoo ya heshima kwa mikono miwili. Alikuwa binti mzuri. Aurelia alitamani asingekuwa mzuri.

Waliketi. Pamela akapitia karatasi zake kwa sauti, wanachama wakiitikia ndiyo kila alipouliza kama ni sahihi. Jina la kikundi, ndiyo. Jengo, ndiyo.

"Wanachama mlikuwa kumi na wanne. Hapa naona kumi na watatu."

"Mmoja alijitoa mwenyewe," akasema Raphael, harakaharaka. "Kwa hiari. Shughuli za shamba."

"Sawa, kumi na watatu. Ni sahihi?"

"Ndiyo," wakaitikia.

"Si sahihi," akasema Aurelia, na alikuwa ameshasimama. "Daimu hakujitoa. Tulimfukuza. Alikataa kujitoa, tukamnyooshea mikono akiwa amekaa pale."

Fransisko aliishika kadi yake kwa vidole viwili. Nje, wapakuzi walikuwa wanacheka jambo lao wenyewe.

Pamela hakukasirika. Aliigeuza karatasi imwelekee Aurelia. "Mama, nimekuelewa. Lakini hapa kuna nafasi ya idadi tu. Idadi ni ile ile."

"Andika pembeni."

"Pembeni hapasomwi na mtu."

"Mwanangu, siku ile ulipokuja nilikusimulia, ukaandika mpaka kalamu ikachoka. Sasa nakwambia neno moja, unakosa nafasi?"

Pamela aliinamisha uso. Raphael alikuwa amesimama pia, mikono mbele kama mtu anayezuia ng'ombe. "Dada Aurelia, tafadhali. Gari linasubiri. Mashine ipo nje pale. Tumeshamaliza haya, jamani, tumeshamaliza."

"Kaa, binti Haule," akasema Mzee Osmund, bila ukali. Macho yake yalikuwa mlangoni, kwenye lile turubai.

"Nitakaa akiandika."

"Na asipoandika?"

Dereva alipiga honi. Pamela alishika kalamu, akaitazama karatasi, akamtazama Raphael. Dereva akapiga tena, ndefu zaidi, na Aurelia alikuwa bado amesimama.